Bundi Shingoni mwa Shangazi

Kwa miaka kadhaa watu wa Mbotela, mtaa wa Nairobi, walinijua kuwa daktari wa meno. Sijawahi kung'oa jino la mtu. Kazi yangu ni patholojia: nyama ikikatwa kutoka mwilini mwa mgonjwa, au damu na uboho vikivutwa kwa sindano, huletwa kwangu nivitazame kwa hadubini niseme kama ni saratani, na kama ndiyo, ni saratani gani. Tangu nimalize masomo nimejikita kwenye saratani za damu na za tezi. Mgonjwa hanioni. Mimi nauona ugonjwa wake, yeye anaona karatasi.

Uongo wa meno ulikuwa wa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu tulipokuwa tukiishi Ziwani, na ana duka la leso, madera na mabuibui kule Mbotela, duka dogo kiasi kwamba mteja akiingia na mtoto mgongoni inambidi atoke kinyumenyume. Nilipopata kazi hospitalini walikuja wageni wa posa, familia ya heshima, watu wa biashara ya jumla. Mama wa kijana akauliza, katikati ya halua na kahawa, huyu binti anatibu nini hasa. Nikamjibu mwenyewe, kwa furaha ya ujana, kwamba mimi hutazama vipande vya nyama za watu, walio hai na mara nyingine waliokufa. Yule mama akaweka kijiko chini. Halua nilikuwa nimeikata mimi. Hawakurudi tena.

Baada ya hapo shangazi alikata shauri.

"Meno," aliniambia. "Meno hayana ubaya. Kila mtu anayo, na hakuna anayeogopa kula chakula cha daktari wa meno."

"Lakini shangazi, si kweli."

"Ni kweli kidogo. Meno si sehemu ya mwili?"

Basi nikawa daktari wa meno. Arusini wanawake walinivuta kando wakanifungulia vinywa. Matangani, mzee mmoja aliningoja dua iishe, kisha akavuta shavu lake kwa kidole akanionyesha gego. Wote niliwaambia wasukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kisha waende hospitali, na kwa kuwa ushauri huo haukumdhuru mtu, sifa zangu zilivuma mpaka mtaa wa Tena ninakokaa. Fundi wa simu aliyepakana na duka la shangazi, mwanamume mzima mwenye watoto, alikuwa akinisalimia kila nikipita.

"Niaje daktari. Hii jino ya nyuma bado inanimaliza."

"Umeenda hospitali?"

"Bado. Lakini ile maji ya chumvi iko sawa sana."

Na wakati wote huo utafiti wangu halisi ulikuwa umekwama. Mtu akivimba tezi shingoni, akatoka jasho usiku na kukonda, wengi huwaza kifua kikuu kwanza, kwa sababu kipo kwa wingi. Mara nyingi huwa wamepatia. Lakini saratani ya tezi nayo huja na sura ileile. Mtu anaweza kumeza dawa za kifua kikuu miezi nenda miezi rudi huku saratani ikinawiri. Nilitaka kuonyesha kwamba tezi ikikatwa mapema ikatazamwa, magonjwa haya mawili hutengana kabla hasara haijawa kubwa. Ili nionyeshe hivyo nilihitaji watu wenye tezi zilizovimba wakubali kukatwa, na hakuna aliyekubali. Kila mtu alijua, bila kuambiwa na yeyote, kwamba uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika.

Niliitisha mkutano katika ukumbi wa mtaa pale Mbotela. Nilieleza kwa upole na kwa picha. Nilipomaliza, mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza kama tezi ikishakatwa mwenyewe hurudishiwa. Nikasema hapana, tunaihifadhi.

"Kama haina faida, mbona mnaihifadhi?"

Ukumbi mzima ukaguna. Bibi mmoja wa nyuma akasimama akaomba, kwa kuwa nipo, nimtazame ufizi. Wakapanga foleni. Jioni ile sikupata tezi hata moja, ila naweza kuapa kuwa naifahamu mizizi ya meno ya nusu ya Mbotela.

Mwaka uleule shangazi akaanza kukonda. Alikuwa mwanamke wa mwili, dera likimjaa vizuri, lakini sasa madera yalianza kumpwaya mabegani. Wateja wakamsifu. Wakataka kujua siri. Yeye ni mfanyabiashara, hawezi kuacha swali la mteja lianguke chini, kwa hiyo akaanza kuuza mbegu za uwatu kuwa ndiyo siri yenyewe. Aliupanga kwenye vifuko kando ya leso, na mtu akiingia yeye husimama akageuka polepole ili kiuno kionekane. Siku moja nilimuuliza kama kweli anaunywa.

"Uwatu? Mchungu ule? Siunywi."

Nilicheka naye. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mimi ambaye ningeweza kuzungumzia dalili za saratani ya tezi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, nilisimama dukani kwake nikacheka.

Niliziona tezi siku ya arusi ya binamu yangu. Tulikuwa chumbani tukijipamba, ngoma inasikika uani, akavua ushungi ili anisaidie kufunga wangu. Upande wa kulia wa shingo yake, chini ya sikio mpaka kwenye mtulinga, ngozi ilikuwa imeinuka kama imefunika kichala cha zabibu. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Zilikuwa kama mpira, haziumi, zinateleza chini ya vidole.

"Toa mkono," alisema. "Ni baridi tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Usiku unatoka jasho?"

"Nairobi siku hizi ina joto."

Tulikuwa mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi imekolea, na yeye chini ya dera lake la arusi alikuwa amevaa sweta. Nilipomkazia macho aliketi kitandani akaniambia mengine. Mwili ulikuwa ukimwasha. Alikuwa amekwenda peke yake kwenye zahanati moja, akaambiwa huenda ni kifua kikuu, akaanzishwa dawa. Hakuna aliyeikata tezi wala kuitazama. Alizimeza kwa siri, akizificha kwenye mkebe wa vifungo.

"Shangazi, mimi kazi yangu ni hiyo. Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi.

"Wewe," alisema, "ni daktari wa meno."

Nilitoka nikaenda bafuni nikafungua maji, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huko nje wanawake walikuwa wakipiga vigelegele. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yale hayakukoma kicheko kilipokwisha.

Kumshawishi akubali kukatwa kulichukua muda, na kukubali kwake kulikuja na masharti. Sharti la kwanza, akatwe na mwanamke. Hilo lilikuwa jepesi. La pili, kipande chake kirudi kizikwe, maana kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Nikamweleza kwamba sehemu ya tezi lazima ihifadhiwe ndani ya nta ili iweze kukatwa vipande vyembamba.

"Nta?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yaani mnanitia kwenye mshumaa."

"Kidogo tu."

"Na mtaniwasha?"

Nikamwahidi kuwa hatutamwasha. Akaenda kumuuliza sheikh, naye akamwambia matibabu yatangulie, na kitakachobaki kisitiriwe kwa heshima. Sharti la tatu lilikuwa kwamba Mbotela isijue. Alirudi dukani pamoja nami, bandeji imechomoza chini ya ushungi, akawaambia wanawake kwamba nimemng'oa gego.

"Gego shingoni?" mmoja akauliza.

"Lilikuwa na mizizi mirefu," shangazi akasema.

Wakanitazama kwa woga. Tangu siku hiyo fundi wa simu akaacha kabisa kunitajia jino lake.

Katika kazi yetu mtu hasomi tezi ya jamaa yake. Niliiacha ya shangazi ipite kwa mwenzangu, mwanamume mzoefu ambaye huimba taarabu puani akitazama hadubini na ambaye hukabidhiwa slaidi zikiwa na nambari tu, bila majina. Asubuhi moja akaniita kutoka upande wa pili wa maabara.

"Njoo uone bundi mzuri."

Nieleze kidogo. Kuna aina ya saratani ya tezi ambayo hutambulikana kwa seli moja kubwa yenye viini viwili vilivyokaa pamoja, na katikati ya kila kiini kuna doa. Ukiitazama, nayo inakutazama, macho mawili ya mviringo. Sisi watu wa patholojia tukimpata bundi aliyekaa vizuri huitana, kama watu wanavyoitana kuona mwezi wa Idi. Hadubini yetu ina nafasi ya watu wawili. Niliketi mkabala naye nikatazama. Alikuwa bundi mzuri kweli. Nilisema hivyo kwa sauti. Kisha nikainua macho nikaiona kwenye ukingo wa slaidi nambari niliyokuwa nimeikariri.

"Huyu ni shangazi yangu," nikasema.

Aliacha kuimba. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kati ya zote," alisema baadaye, "hii ni ile inayosikia dawa. Unajua."

Nilikuwa najua. Mimi ndiye huwafundisha wanafunzi jambo hilo. Hata hivyo nilimwomba aliseme tena, naye akalisema tena. Tukaagiza vipimo vingine vya kuhakikisha, na mtaalamu wa tatu akatazama bila kuambiwa lolote. Jibu likabaki lilelile.

Nilikwenda kumwambia nyumbani kwake, nyuma ya duka. Alikuwa akikunja leso.

"Ni saratani?" akauliza kabla sijaketi.

"Ndiyo, shangazi. Lakini ina dawa."

"Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona."

"Basi na mimi nitaiona. Siwezi kunyweshwa sumu kwa ajili ya kitu ambacho sijakiona. Hata kitambaa sinunui kwa kuambiwa."

Alikuja maabara amevaa buibui lake la Idi, amejifukiza udi uliozima harufu ya dawa zetu zote. Mafundi wa maabara walisimama mmoja mmoja kumpa shikamoo. Mwenzangu akamwekea kiti, akamrekebishia lenzi. Shangazi akainama, akatazama.

"Rangi nzuri," alisema hatimaye. Tishu zetu hupakwa rangi, kwa hiyo kule ndani yote ni pinki na zambarau. "Hii ningeipata kwa mita, ningeiuza mpaka Mombasa."

"Hizo ndogondogo ni askari wa mwili wako, mama," mwenzangu akamweleza. "Wamekuja kumzunguka adui."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Na adui ni yupi?"

"Yule mmoja pale katikati."

Shangazi akatazama zaidi. Duka lake limewahi kuvamiwa na kanjo, askari wa jiji, mara nyingi, ana maoni yake kuhusu askari.

"Kumbe hata huku ndani," alisema, "wanakuja wengi na hawafanyi kitu." Kisha akauliza, "Na mbona huyu ana macho?"

Mwenzangu, kwa mazoea, akajibu bila kuwaza. "Huyo tunamwita bundi."

Nilifumba macho. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa. Shangazi aliinuka kutoka kwenye hadubini taratibu, akarekebisha ushungi.

"Bundi," alisema. "Shingoni mwangu."

"Ni jina tu, mama," mwenzangu akasema, jasho limeshamtoka. "Hata ukitazama vizuri, anafanana zaidi na miwani."

Shangazi akafikiri, akarudi kwenye lenzi, akapima.

"Miwani ni bora," akaamua. "Kuanzia leo ni miwani."

Kwa wiki nyingi baadaye, kila seli ile ilipoonekana pale maabara, hakuna aliyethubutu kuiita kwa jina lake la zamani. Mwanafunzi mmoja alikwenda kwenye mtihani akaandika kwamba dalili ya ugonjwa huu ni miwani, na mwenzangu, aliyekuwa akisahihisha, akampa alama.

Dawa hazikuwa na mzaha. Nywele zilimtoka, kinywa kikamchubuka, chai ikawa na ladha ya chuma. Kulikuwa na siku ambazo nilimkuta amelala ameelekea ukutani. Siku hizo nilikaa tu kando ya kitanda, juu ya mkeka, nikimkunjia leso zake vibaya mpaka aliposhindwa kuvumilia akaamka kunionyesha.

Uongo wa gego nao ukaishiwa nguvu. Wanawake walianza kuuliza ni jino gani hili lisilopona. Siku moja nilikuwa dukani wakati wawili wao walipoingia, na shangazi, amekonda, amejifunga ushungi mpaka kwenye nyusi, akawaambia wakae.

"Nina saratani ya tezi," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu, ina rangi ya zambarau. Sikukonda kwa uwatu, na uwatu wangu msiununue tena. Na huyu mtoto si daktari wa meno. Msimpe vinywa."

Mmoja wao akanigeukia polepole.

"Sasa yale maji ya chumvi uliyatoa wapi?"

Kuanzia hapo shangazi akauchukua utafiti wangu kama alivyochukua duka alipoachiwa na mumewe, bila kuuliza mtu. Mteja akija kupimwa dera, kipimo kilianzia shingoni. Aliwabonyeza chini ya taya, nyuma ya sikio, kwapani, huku akiuliza habari za watoto. Aliyekuwa na uvimbe wowote alitumwa kwangu, na aliyekataa hakuuziwa leso. Wengi hawakuwa na kitu: mafua, jipu, bibi mmoja mwenye goita ya tangu enzi za mkoloni. Fundi wa simu naye alikuja ameshikilia shingo, amenyong'onyea. Tezi yake ilikuwa imevimba kwa sababu ya lile gego lililooza. Nikampeleka kwa daktari wa meno wa kweli, na aliporudi alinipa pole, kana kwamba nimepoteza mteja.

Lakini miongoni mwao walikuwapo wale niliowatafuta kwa muda mrefu bila kuwapata. Mwanamke mmoja wa Ziwani, tulipokata tezi yake, alikuwa na kifua kikuu, akapata dawa yake kwa uhakika badala ya kwa kubahatisha. Seremala mmoja alikuwa na saratani kama ya shangazi, nayo ilikuwa bado changa. Wakakubali kukatwa kwa sababu mwanamke wa leso alikatwa na uvimbe haukukasirika. Maneno yangu yote ya ukumbini, pamoja na picha, hayakufanya kazi iliyofanywa na kovu lake. Yeye alikuwa akifungua ushungi kidogo, anawaonyesha, anaufunga.

Alipomaliza dawa, vipimo vilitoka safi. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama koridoni.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi vizuri sikuyagawa madera yangu makubwa."

Tulipokuwa tayari kutangaza matokeo, nilimwomba ruhusa ya kutumia picha ya seli zake kwenye kongamano la madaktari lililofanyika katika hoteli moja ya mjini. Nikamweleza kwamba kwa kanuni za utafiti jina lake halitatajwa popote. Aliudhika.

"Picha yangu bila jina langu? Watajuaje ni mimi?"

"Ndiyo maana, shangazi. Wasijue."

Alitia sahihi kwa sharti kwamba na yeye aweko. Akaketi mstari wa mbele, udi ukimtangulia. Picha ilipotokea ukutani, kubwa kama mlango, akamgusa profesa aliyekaa kando yake.

"Huyo ni mimi," akamnong'oneza, kwa mnong'ono uliofika mpaka kwa wakalimani nyuma ya ukumbi.

Wakati wa maswali daktari mmoja aliuliza, kwa ukali kidogo, ni njia gani niliyotumia kuwapata wagonjwa, maana wengine wamejaribu mitaa hiyohiyo wakashindwa. Nikaanza kueleza habari za zahanati na rufaa. Shangazi akasimama.

"Niliwapapasa," alisema, akaketi.

Mwenyekiti wa kikao alingoja kicheko kipungue, kisha akanitaka niliandike jambo hilo kwenye ripoti kwa lugha ya kitaalamu. Nimejaribu. Mpaka leo sijapata lugha bora kuliko ile.

Wakati wa chai alizungukwa na watu. Aliwaambia chai ya hoteli haina tangawizi na akawauliza wanawake wawili wenye shahada kubwa kuliko zangu kama wamezoea kuvaa vitambaa vigumu namna ile. Kisha akaja daktari mgeni, mtu mrefu aliyetoka mbali, aliyeyatumia maisha yake yote kwenye ugonjwa uleule. Akaniomba nimtafsirie: angependa kupiga picha na mama huyu, iwe kumbukumbu yake.

Nikamwambia shangazi. Akamtazama yule bwana toka juu mpaka chini, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, ambayo kucha zake, zilizoharibiwa na dawa, zilikuwa zimeanza kukua vizuri tena.

"Mwambie asante," alisema. "Lakini ndani ameshaniona. Nje angoje nipake hina."

Alipaka Ijumaa iliyofuata, mikono na miguu, na yule bwana alikuwa ameshapanda ndege kurudi kwao. Picha nilimpiga mimi, mlangoni pa duka, nikamtumia mgeni wetu.